Basi Lisilokwama

Lori lilipofika Kawangware lilikuwa kabini na chesisi tu. Nyuma ya kiti cha dereva hakukuwa na kitu ila vyuma viwili virefu vilivyokwenda mpaka mwisho, tangi la mafuta, na propela shafti mbili za kupeleka nguvu ya injini magurudumuni: moja ikienda nyuma kama ya lori lolote, nyingine ikirudi mbele. Hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya watu wa yadi wasimame kutazama. Lori la kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Hili lilikuwa forwili. Mbele lilikuwa na difu yake, ile inayozungusha ekseli, na ukitaka, magurudumu yote yanavuta. Lilikuwa limefanya kazi miaka mingi huko kaskazini, likibeba unga na mafuta ya kupikia ya msaada, na mchanga wa huko ulikuwa bado umejaa kila pembe. Nilipolala chini yake mara ya kwanza na kugonga kwa nyundo, ulinimwagikia usoni.

Lilinunuliwa na chama cha watu wa kwetu. Sisi ni watu wa Magharibi, wa lokesheni moja, tuliotawanyika Kawangware na Kibera: mafundi, akina mama wa soko, mabawabu, vibarua wa mjengo. Chama chetu kina kazi moja kubwa, nayo ni kurudisha maiti nyumbani. Mtu wa kwetu anaweza kuishi Nairobi maisha yake yote katika chumba kimoja cha mabati, lakini akifa hazikwi hapa. Lazima arudi alikozikwa babake.

Taabu ilikuwa barabara. Basi la kukodi hufika mwisho wa lami, dereva akazima injini na kusema yeye kazi yake imeishia hapo. Mbele ni udongo wa mfinyanzi, milima miwili, na mto ambao daraja lake ni mawe yaliyopangwa. Mvua ikinyesha, huko hata bodaboda hubebwa na mwenyewe. Kuna safari tulimpeleka kijana wa mjengo aliyeanguka kutoka ghorofani. Tulibeba jeneza mabegani kwenye matope, mmoja wetu akateleza, jeneza likaanguka na kuserereka mpaka mtaroni. Kifuniko hakikufunguka, na kwa hilo tulishukuru. Mamake kijana alikuja akapiga magoti, akafungua leso yake kiunoni, akaanza kulipangusa taratibu, kona zote, kama anayemwogesha mtoto. Hakulia. Sisi tulisimama pale na mikono yetu michafu.

Baada ya siku hiyo mwenyekiti wa chama, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, alisema tutafute gari letu wenyewe, gari ambalo halitasimama mwisho wa lami. Aliniita mimi kwa sababu ni fundi wa magari makubwa. Nina kibanda Laini Saba, Kibera, kando ya reli, ambapo nafungua giaboksi na difu za watu. Lakini lori haliingii Laini Saba, kwa hiyo tulikodi yadi Kawangware, nyuma ya maduka ya vyuma ya mahali paitwapo 56, kwa mama mmoja mwenye ploti ambaye familia yake ilikuwa pale tangu kukiwa na mashamba ya kahawa. Kila asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikapita Soko la Toi likifunguliwa, nikavuka Ngong Road, nikaenda kazini.

Kazi ya bodi alipewa rafiki yangu. Nataka nieleze habari zake vizuri, kwa maana ndiye ninayemzungumzia.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, mrefu, mkavu, mwenye mzaha. Kijiji chake na changu vimetenganishwa na bonde moja tu, lakini tulijuana Nairobi. Alichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya mtaani. Barakoa ya kazi alikuwa nayo ila alisema inamfanya ajione yuko kaburini. Mke wake alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba pale Toi, na kwa vile mimi na mumewe tulikuwa kama ndugu, mama huyo aliniita shemeji. Walikuwa na watoto wa kiume wawili na msichana.

Jambo moja lilimtofautisha na sisi wengine. Hakwenda nyumbani. Desemba ikifika, sisi tukifunga mizigo, yeye alichukua kazi za watu walioondoka. Nilichukua muda kujua sababu. Babake alipokufa, yeye akiwa huku, ndugu zake wawili waligawana shamba. Aliporudi kudai sehemu yake, walimwambia mtu wa Nairobi ameshachagua kwake. Alikuwa na kijumba alichojenga ujanani, kile ambacho kila kijana wa kwetu hujenga katika boma la baba. Walikuwa wameng'oa nguzo zake na kuzitumia kwa zizi. Alisimama akaona nguzo zake zimefunga ng'ombe, akageuka, akatembea mpaka barabarani, na hakurudi tena. Alinihadithia mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye chesisi tukila githeri, kisha akaniuliza kama nimeleta grisi.

Kugeuza lori la forwili kuwa basi si kupachika viti tu. Chesisi ya lori la namna hiyo imetengenezwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likiingia shimoni, vile vyuma viwili hujinyonga, na ndivyo gari linavyoshika ardhi. Ukilikaza bodi juu yake kwa bolti pande zote, siku ya kwanza ya barabara mbaya bodi litapasuka, vioo vitaruka. Rafiki yangu aliliwaza hilo siku nyingi. Mwishowe alitengeneza fremu ya pili, akaikaza imara nyuma tu, na mbele akaiwekea springi, ili chesisi ikijinyonga bodi lipande na kushuka lisivunjike. Alinifanya nipandishe gurudumu moja juu ya rundo la matofali, tukazunguka tukitazama. Fremu ilinyanyuka kidogo upande mmoja, ikakaa. Aliwasha sigara yake akatabasamu peke yake.

Kabini tuliiacha kama ilivyokuwa, na nyuma yake tukaweka nyumba ya abiria, na dirisha dogo katikati ili dereva asikie akiitwa. Nyuma kabisa, upande wa kushoto, palikuwa mahali pa jeneza, na benchi ya kuwakalisha wafiwa kando yake. Kwa kuwa gari lilikuwa juu sana, alitengeneza kitanda cha chuma chenye roli, kinachovutwa nje na kuinama, jeneza lipokewe na watu waliosimama chini. Hapakuwa na haja ya kulinyanyua juu ya vichwa. Ili kukijaribu tuliazima jeneza kwa seremala wa Laini Saba, tukalibeba juu ya mkokoteni mpaka 56. Njia nzima watu walivua kofia. Mama mwenye ploti alitoka nje akauliza kwa huzuni ni nani. Rafiki yangu akamwambia, "Bado hatujampata, mama." Alicheka mpaka akaanza kukohoa. Nilikumbuka kikohozi hicho baadaye, lakini siku ile kilikuwa kikohozi tu, na wachomeleaji wote hukohoa.

Basi lilipakwa rangi ya kijivu, kwa sababu mwenyekiti hakutaka nyeusi.

Safari ya kwanza tulimpeleka bibi mmoja aliyekuwa akiuza mboga Kibera. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Dereva, mtu wa kanisa asiyesema sana, alisimamisha gari mwisho wa lami, nami nikashuka. Magurudumu ya mbele ya lori lile yana hab za kufunga kwa mkono. Katikati ya kila gurudumu kuna kifuniko kidogo chenye alama mbili. Ukikizungusha, gurudumu linashikana na ekseli ya mbele. Usipokizungusha, dereva anaweza kuvuta lever ya forwili kabini na taa ikawaka, lakini magurudumu ya mbele yatazunguka bure. Nilifunga la kushoto, nikazunguka nikafunga la kulia, nikapanda. Tukaingia kwenye matope. Nilisikia kupitia sakafu nguvu ikigawanyika, mbele ikivuta, nyuma ikisukuma, na nyuma yangu watu wakiimba. Tulipanda mlima wa kwanza na wa pili. Tulivuka mto. Tuliingia mpaka uani kwa yule bibi, na wazee waliotoka kutupokea walilizunguka gari wakiligusa. Kitanda kilitoka, kikainama, jeneza likapokelewa bila mtu kuyumba.

Nilipomweleza rafiki yangu aliuliza habari za fremu, za springi, za roli. Hakuuliza habari za nyumbani.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa ya wikendi. Dereva hakukubali kuondoka bila mimi, akihofia giaboksi, na kila mtu wa kwetu alitaka gari hilo hata kiangazi. Tuliondoka Nairobi Ijumaa asubuhi kutoka mochari, tukazika Jumamosi, tukarudi Jumapili. Nilianza kuzijua nyumba za kwetu kwa makaburi yake. Boma nililoliacha na watu kumi sasa lilikuwa na bibi mmoja na kufuli kwenye milango mingine yote. Majirani wangu wa Laini Saba wakiniona nimebeba ovaroli iliyofuliwa waliniuliza, "Leo ni nani?" Mke wangu alianza kuniwekea maji ya kuoga nje kabla sijaingia ndani. Nilimwambia simgusi maiti, mimi nagusa gari. Akasema anajua, na bado maji yakawa pale kila Jumapili. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ndiyo iliyokuwa ikinitoa uhai polepole, na sikuwa na mtu wa kumwambia ila yeye rafiki yangu, ambaye sauti yake sasa ilikuwa ikipotea.

Kikohozi kiliingia kifuani kikakaa. Alianza kuchomelea akiwa ameketi, kisha akawa anaelekeza tu, kisha hakuja. Hospitalini walimwambia mapafu yamechoka na hayatarudi. Mke wake alihamishia kitanda karibu na mlango ili apate hewa, na akaendelea kwenda Toi kwa kuwa ndiko chakula kilikotoka.

Jumapili moja nilitoka safarini nikapita kwake Kawangware kabla ya kwenda kwangu. Mke wake na watoto walikuwa kanisani. Alikuwa ameegemea mito, mabega yakifanya kazi ya kuvuta pumzi. Aliniuliza tulikuwa tumempeleka nani. Nikamwambia. Aliuliza kama mto ulikuwa umejaa. Nikamwambia ulifika kwenye hab. Akapumzika ili apate maneno.

"Mimi usinipeleke," akasema.

Nilimwambia asiseme hivyo, atapona.

"Nizikeni huku Nairobi, makaburi ya Lang'ata. Kule sina kwangu. Wale waliniondoa nikiwa hai, wasinipate nikiwa siwezi kusema." Akavuta pumzi. "Ni wewe nakuambia kwa sababu ukinipeleka nitafika. Hiyo gari haikwami."

Nilimshika mkono. Ulikuwa bado mgumu kama wa fundi, ila mwepesi. Nilimwambia nimesikia. Zaidi ya hapo sikuwa na uwezo wa kuahidi, na nadhani alilijua hilo, maana hakunisukuma.

Alikufa kabla ya mwezi kuisha, asubuhi, mke wake akiwa amekwenda kuchota maji.

Mkutano wa chama ulifanyika ndani ya ile yadi. Niliomba kusema nikasema yote, kama alivyoniambia, mbele ya mwenyekiti na wazee na ndugu yake mmoja aliyekuwa amesafiri kuja. Kisha mzee mmoja akasema maneno ya mgonjwa husemwa na maumivu. Mwingine akauliza kama tunataka kuwa watu wa kwanza wa kwetu kumtupa mtu wetu Lang'ata, mahali ambapo baada ya miaka kadhaa huzikwa mwingine juu yako. Ndugu yake alisema, kwa sauti ya upole, kwamba yaliyopita yamepita na nyumbani wanamngoja. Mwenyekiti hakutoa uamuzi. Alimgeukia mjane, akasema yeye ndiye mwenye neno.

Mjane alisema apelekwe nyumbani.

Nilimfuata nje, pale penye rundo la vyuma vilivyobaki. Sikuwa na hasira, au labda nilikuwa nayo. Nilimuuliza kama mume wake hakumwambia.

"Aliniambia, shemeji. Kila usiku alikuwa akiniambia." Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na alikuwa akikikaza tena na tena. "Yeye amemaliza. Mimi niko na vijana wawili. Baba yao akizikwa Lang'ata, siku wakienda kule kuuliza shamba wataambiwa, kaburi la baba yenu liko wapi? Nitawapa nini waonyeshe?"

Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Alikuwa amehesabu vizuri kuliko sisi wote, na alikuwa amelazimika kuhesabu juu ya mwili wa mume wake.

Tuliondoka Ijumaa. Nilikaa kabini na dereva, na dirisha dogo nyuma yetu lilikuwa wazi. Mjane na watoto walikaa kwenye benchi kando ya jeneza. Waliimba mpaka tukateremka bondeni, wakachoka, wakaanza tena. Baada ya mchana mawingu yalijifunga na mvua ikaanza, na kufika mwisho wa lami ilikuwa ikinyesha kwa namna ya kutokuwa na mpango wa kuacha. Palikuwa na basi jingine limesimama pale, na watu wake wamejikunyata chini ya vibaraza vya maduka, jeneza lao limefunikwa turubai. Basi lao lilikuwa limekata tamaa.

Dereva alinitazama. Nikashuka.

Nilikwenda gurudumu la kushoto nikainama. Maji yalikuwa yakinitiririka shingoni. Nikaweka mkono kwenye ile hab, na mkono ukakaa pale. Ningeiacha vile ilivyokuwa, nikazunguka, nikaacha na ya pili, nikapanda, nikamwambia dereva twende. Angevuta lever, taa ingewaka. Kwenye mlima wa kwanza magurudumu ya nyuma yangechimba, gari lingekaa kwa tumbo, na mimi ndiye ningeulizwa tatizo ni nini. Ningesema transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angejua kuwa si kweli. Lakini baada ya hapo? Tungelala pale na watoto wake ndani, na asubuhi wangekuja watu na kamba. Nilijiambia labda wangechoka, labda wangesema turudi, labda mwenyekiti angekumbuka nilichosema mkutanoni. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi. Nilipoinua macho nilimwona mjane kwenye dirisha la nyuma la upande huo, paji la uso limegusa kioo. Hakunionyesha ishara yoyote. Alikuwa akitazama tu.

Nilifunga hab. Nikazunguka, nikafunga ya pili.

Gari halikuwahi kwenda vizuri namna ile. Nasema kama fundi. Kwenye mlima wa kwanza, mahali ambapo maji yalikuwa yamekata mtaro katikati ya njia, gurudumu la mbele la kulia lilipanda juu na la nyuma likazama, na nikasikia bodi nyuma yangu likinyanyuka kwenye springi zake na kukaa, bila kelele, kama alivyotaka likae. Hakuna kioo kilicholia. Mtoni maji yalikuwa ya rangi ya chai na yalipita juu ya mawe. Dereva aliuliza kama turudi. Mdomo wangu ulifunguka, ila kabla sijasema lolote aliomba dua yake fupi akaingia. Nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nilitaka likwame. Nilitaka injini imeze maji, nilitaka jiwe moja lihame, nilitaka kitu chochote nilichokifunga kwa mkono wangu kilegee. Tulitoka ng'ambo, maji yakichuruzika kwenye milango, na nyuma watu wakapiga makofi na kumshukuru Mungu.

Kwetu mwanamume hazikwi katika boma asimokuwa na nyumba. Kwa hiyo nyumba ilikuwepo. Ndugu zake walikuwa wameijenga siku hiyohiyo na jana yake: nguzo za mikalatusi mbichi, mabati mapya, mlango mmoja, dirisha hakuna. Waliijenga karibu sana na mahali palipokuwa na kile kijumba chake. Niliposimama ndani nilinusa utomvu wa miti. Jeneza liliwekwa katikati, akawa na kwake, usiku mmoja. Ndugu aliyekuja Nairobi alinipa mkono na kunishukuru kwa kumleta ndugu yao salama. Alikuwa akilia, na sidhani alikuwa akiigiza. Nimefikiri sana juu ya machozi yale na sijui niyaweke wapi.

Tulimzika Jumamosi, mvua ikiwa imepungua. Kaburi lilikuwa na maji chini, wakayateka kwa debe. Mchungaji alihubiri juu ya mwana aliyerudi kwa babake. Mimi sikuweza kumtupia udongo. Nilikwenda kusimama kando ya gari nikajifanya naangalia matairi.

Mjane alibaki huko na watoto siku za matanga. Aliporudi alinieleza kwamba kabla hata ya kuondoka aliwaona wakiteremsha mabati ya ile nyumba, kwa sababu yalikuwa yameazimwa. Aliuliza wanawe watajenga wapi wakikua. Shemeji zake walimwambia si vizuri kuzungumza habari za shamba kaburi likiwa bichi. Aliona ni jibu la busara akangoja. Miezi ilipita, akapiga simu, wakasema wataitana. Kisha simu ikawa haishikwi. Alikwenda kwa chifu, na chifu alimwambia alete wazee wa ukoo, na wazee wa ukoo walikuwa wale wale. Desemba iliyofuata aliwachukua vijana wake wawili akawapeleka waone kaburi la baba yao. Walilikuta kwa kulitafuta. Mahindi yalikuwa yamepandwa mpaka juu yake, mistari imenyooka, na msalaba umetiwa kando ya ua pamoja na majembe.

Hakuwapigia shemeji zake kelele. Aliwaambia wanawe wakumbuke mti uliokuwa karibu, wakarudi Nairobi.

Gari bado linafanya kazi. Fremu yake haijapasuka mahali popote. Nimebadilisha beringi, raba, klachi, na sijawahi kutia chombo cha kuchomelea kwenye bodi lile. Yadi ya 56 imejengwa vyumba vya kupangisha, kwa hiyo sasa tunaliegesha kando ya barabara na kulipa mlinzi. Mwenyekiti alifariki mwaka jana na tulimpeleka. Nimejaribu mara mbili kumfundisha dereva habari za hab na transfa ili nikae nyumbani wikendi, na anasikiliza kwa heshima, na Ijumaa ikifika ananipigia simu. Nakwenda. Nikiwa sina jibu la kwa nini nakwenda, najiambia ni kwa sababu ya yule mama aliyepangusa jeneza kwa leso, lakini kusema kweli yeye mwenyewe tulimpeleka zamani.

Juzi nilipita Toi asubuhi. Mjane alikuwa ndiyo kwanza anafungua beli la nguo, anatenganisha sweta na suruali. Nilimsalimia, nikainama nikamsaidia kukunjua turubai. Tulizungumza habari za watoto. Mkubwa ameanza kazi ya mjengo. Kisha akasema, bila kuniangalia, mikono ikiendelea kupanga:

"Siku ile ya mvua nilikuona pale kwa gurudumu."

Nikamwambia najua.

"Hata ungeiacha bila kuifunga, shemeji, tungembeba begani. Mimi mwenyewe ningeshika mbele." Alinyoosha sweta dogo la bluu, akalitazama kama lina tundu, akaliweka juu ya rundo. "Sikujua. Nilifikiri ndugu zake wakiona kaburi wataona haya."

Mwanamke mmoja alikuja na mtoto mgongoni akauliza bei ya sweta. Nilisimama kidogo, nikaona ameanza kumhudumia, nikaenda zangu, nikavuka Ngong Road.